KUCHAGUA BUNDUKI NZITO: RISASI ISHIRINI NA HESABU YAKE

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, wakanena tena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali zote mbili zinamkanya mtu mwenye tabia ya kuchagua-chagua, nasi tunaziheshimu. Lakini askari anapoingizwa katika ghala la silaha na kuambiwa achague bunduki moja ya kwenda nayo mashindanoni, hapo hatuna budi kuwaomba radhi kidogo wazee wetu. Jembe likikosea hukata mche wa muhindi. Risasi ikikosea hukata maisha ya mtu. Kwa hiyo katika makala yetu ya leo tunakusudia kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya namna ya kuchagua bunduki ya kaliba kubwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha ya silaha mchanganyiko.

Yafaa kwanza tueleze mashindano hayo ni yapi. Mshindani hupewa njia ya kupita, yenye vizuizi, madirisha ya mbao na shabaha za karibu na za mbali. Katika njia hiyo hutumia silaha tatu: bunduki, bastola na shotigani, yaani bunduki ya marisau. Saa huhesabu tangu mlio wa kuanzia hadi risasi ya mwisho. Mshindi si yule mwenye mbio peke yake, wala si yule mwenye shabaha peke yake, bali ni yule aliyeviunganisha viwili hivyo. Shirikisho la kimataifa la shabaha ya namna hii, IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na mashindano ya bunduki tatu yakaanza kushika kasi katika nchi hiyohiyo miaka ya 1980. Katika ukanda wetu, Kenya ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ya bastola mwaka 2022 katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu.

Kwetu Juba mchezo huu bado ni mgeni. Hata hivyo, Sudani Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na jirani akipiga ngoma, haikosi siku atakayotualika uwanjani. Ni afadhali siku hiyo itukute tumejiandaa.

KALIBA NA RISASI SI KITU KIMOJA

Kosa la kwanza tunalolisikia mara kwa mara vinywani mwa askari ni hili: "Bunduki yangu ni 7.62, basi ni ya kaliba kubwa." Ndugu askari, kaliba ni upana wa tundu la mtutu tu. Haikwambii urefu wa ganda, wala kiasi cha baruti kilichomo, wala nguvu itakayotoka mdomoni.

Katika nchi yetu zimepita risasi tatu zinazoitwa 7.62, nazo hazifanani. Ya kwanza ni ya AK, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 39. Ya pili ni ya G3 na FAL, yenye ganda la milimita 51. Ya tatu ni ile ya bombomu ya PKM na bunduki ya Dragunov, yenye ganda la milimita 54 na ukingo uliotokeza kitakoni. Risasi ya moja haitumiki katika nyingine. Mwenye kuzichanganya ndani ya sanduku moja anawatayarishia wenzake msiba, au kwa uchache anawatayarishia aibu ya bunduki kukwama mbele ya hadhara.

Hapa Ikweta risasi kubwa si ngeni hata kidogo. Babu zetu waliotumikia Kikosi cha Ikweta kabla ya maasi ya Torit ya Agosti 1955, kama walivyokuwa wenzao wa KAR katika Kenya, Uganda na Tanganyika, walifundishwa shabaha kwa bunduki ya Kiingereza ya .303. Ilijazwa risasi 10, na kila risasi ilihitaji kuvuta komeo kwa mkono. Anyanya walianza na pinde, mikuki na bunduki chache za kale, hadi mwaka 1965 waasi wa Simba wa Kongo walipokimbilia upande wetu wa mpaka na silaha nyingi za kisasa zikaingia mikononi mwao. G3 nayo iliingia kwa mlango wa majeshi ya Khartoum, na kiwanda cha kijeshi cha Sudani kiliitengeneza kwa jina la Dinar. Kwa hiyo askari mzee wa Juba huenda ameshika silaha za mataifa mengi. Kilichomkosa mara nyingi ni nafasi ya kukaa na kuzilinganisha kwa utulivu.

HESABU YA NGUVU

Wenye mashindano hawaridhiki na maneno matupu. Wao hupima nguvu kwa hesabu. Huchukua uzito wa kichwa cha risasi kwa gireni (gireni 7,000 hufanya ratili moja), wakauzidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha wakagawanya kwa 1,000. Jibu likifika 150, bunduki huingia katika nguvu ndogo. Likifika 320, huingia katika nguvu kubwa.

Hebu na tuzipime bunduki tunazozijua, kwa hesabu za kukadiria. Risasi ya milimita 5.56 yenye kichwa cha gireni 62, ikienda futi 3,100 kwa sekunde, hutoa 192. Risasi ya AK yenye gireni 123 na mwendo wa futi 2,350 hutoa 289. Risasi ya G3 yenye gireni 147 na mwendo wa futi 2,600 hutoa 382. Ile ya Dragunov, gireni 148 kwa futi 2,720, hutoa 402. Na ya babu zetu, .303 yenye gireni 174 kwa futi 2,440, hutoa 424.

Msomaji atashangaa, kama tulivyoshangaa sisi tulipoifanya hesabu hii mara ya kwanza. AK, ambayo wengi wetu tumeilea na kuiita baba wa bunduki zote, haifiki 320. Katika mashindano haya AK ni bunduki ya nguvu ndogo, sawa na zile za 5.56. Mwenye kutaka daraja la nguvu kubwa hana budi kutafuta ganda la milimita 51 au 54, au kumwamsha mzee .303 usingizini.

FAIDA NI YA NANI?

Sasa swali: nguvu kubwa inamfaa nini mshindani? Jibu limo katika alama. Ubao wa shabaha umegawanywa katika maeneo matatu: A la katikati, C linalolizunguka, na D la pembeni. Anayepiga A hupata alama 5, awe na nguvu kubwa au ndogo. Anayepiga C hupata 4 kwa nguvu kubwa, na 3 tu kwa nguvu ndogo. Anayepiga D hupata 2 kwa nguvu kubwa, na 1 kwa nguvu ndogo. Kisha alama zote hugawanywa kwa sekunde zilizotumika.

Tuchukue mfano. Kuna shabaha 12, kila moja yataka risasi 2. Jumla risasi 24. Askari wawili wamepiga sawasawa: A 12, C 10 na D 2. Mwenye AK amepata alama 92, na mwenye G3 amepata 104. Mwenye AK ana magazini ya risasi 30, hivyo hakubadilisha, akamaliza kwa sekunde 20. Hesabu yake ni 4.60. Mwenye G3 ana magazini ya risasi 20, hivyo amelazimika kubadilisha njiani, na teke la bunduki limemchelewesha kila risasi. Akimaliza kwa sekunde 22, hesabu yake ni 4.72, naye ameshinda. Akimaliza kwa sekunde 23, ni 4.52, naye ameshindwa. Kwa hiyo mwenye bunduki nzito amepewa mkopo wa sekunde mbili na nusu hivi, si zaidi. Akizipoteza katika kupapasa magazini, mkopo umekwisha.

Tena tuangalie jambo jingine. Lau askari wote wawili wangepiga A zote 24, kila mmoja angepata alama 120, na bunduki nzito isingemletea mwenyewe faida hata ya alama moja. Maana yake ni kwamba kaliba kubwa humsaidia yule ambaye shabaha yake ni ya wastani, lakini teke lake humwadhibu huyohuyo zaidi. Basi asichukue mtu bunduki nzito kwa kudhani itamfichia udhaifu. Haifichi.

Tunaongeza tahadhari moja. Kanuni za mashindano hutofautiana. Katika daraja linaloitwa la chuma kizito, kwa desturi ya Marekani, bunduki ya 7.62 ya milimita 51 huandamana na bastola ya .45 na shotigani ya geji 12 ya kuvuta kwa mkono. Kikosi chenye bastola za milimita 9 peke yake huenda kisikubaliwe katika daraja hilo, hata kama bunduki zake zinatimiza sharti. Isomwe kwanza kanuni, ndipo ghala lifunguliwe.

G3, FAL AU DRAGUNOV?

G3 ilipokelewa na jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1959, nayo imetumikia majeshi mengi ya Afrika, yakiwamo ya Kenya na Sudani. Uzito wake unapita kilo 4 kabla ya kujazwa risasi. Ni bunduki isiyolalamika. Vumbi la kiangazi chetu, la Desemba hadi Machi, huivumilia vema. Lakini ina desturi zake. Risasi ya mwisho ikitoka, bunduki haibaki wazi kumjulisha mwenyewe kwamba magazini ni tupu. Askari atajua tu pale kifyatuo kitakapotoa mlio mkavu. Kwa hiyo mwenye G3 lazima ahesabu risasi zake kichwani, na abadilishe magazini kwa hiari yake kabla ya kulazimishwa. Aidha hurusha maganda kwa nguvu sana, na anayesimama kulia kwake na ajihadhari.

FAL ya Ubelgiji imetumika katika nchi nyingi za dunia, na kwa jirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi inajulikana sana. Ni ndefu kuliko G3, lakini wengi huona teke lake ni la upole zaidi. Mkono wa kukokea uko kushoto, hivyo mkono wa kulia hauondoki katika kishikio. Risasi zikiisha hubaki wazi, na hilo peke yake ni akiba ya nusu sekunde. Tena ina kirekebisho cha gesi: fundi huiweka mahali ambapo risasi moja pekee inatosha kuiacha wazi, kisha huongeza hatua mbili kwa ajili ya uchafu. Ila mchanga mwembamba ni adui yake, na mwenye FAL asiyesafisha atajuta.

Dragunov, iliyopokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1963, ina darubini na hupiga mbali kwa uhakika. Kwa shabaha za mita 300 na kuendelea ni rafiki mwema. Lakini magazini yake ni ya risasi 10 tu, na mtutu wake mrefu hugonga kila dirisha. Katika mfano wetu wa risasi 24, mwenye Dragunov angebadilisha magazini mara mbili. Sisi tungemshauri aiache kwa mashindano ya masafa marefu.

Yapo pia mambo ya mzigo. Risasi moja ya milimita 51 ina uzito wa gramu 24 hivi. Risasi 100 ni karibu kilo mbili na nusu, mbali na magazini zenyewe, na mshindani bado ana bastola kiunoni na shotigani inamngoja mbele.

CHAGUA BUNDUKI, USICHAGUE JINA

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya silaha juu ya nchi yetu mwezi Julai 2018. Kwa hiyo askari wa Juba hachagui katika kitabu cha wauzaji. Anachagua katika safu ya bunduki zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi. Nasi twasema hilo si hasara tupu. G3 kumi zilizo ukutani si bunduki moja mara kumi. Ni bunduki kumi, kila moja na umri wake, kitako chake na kasoro zake.

Kwanza hakikisha bunduki ni tupu: toa magazini, fungua, tazama chemba kwa macho, kisha papasa kwa kidole. Tazama mtutu kwenye mwanga. Uwe unang'aa, usiwe na mashimo ya kutu. Kwa G3, mwombe fundi apime mwanya wa komeo. Uwe kati ya sehemu moja ya kumi ya milimita na nusu milimita. Bunduki iliyotoka nje ya kipimo hicho hairudi uwanjani mpaka itengenezwe.

Pili, ipime bunduki kwa mwili wako. Fumba macho, ipandishe begani mara kumi, na kila mara fumbua. Ikiwa jicho lako linakuta alama za kulengea zimelingana, kitako hicho ni chako. Ikiwa kila mara yakubidi kunyoosha shingo kama korongo, mrudishie mtunza ghala. Mtu mrefu wa Bor na mtu mfupi wa msituni hawavai koti moja. Kwa nini washike kitako kimoja?

Tatu, nenda uwanjani. Piga risasi tano kwa utulivu, mita 100, kwa risasi za sanduku moja. Usitazame kwanza kama zimepiga katikati, maana alama za kulengea hurekebishwa. Tazama kama zimekaa pamoja. Kisha piga mbili mbili kwa haraka, uone ile ya pili inaangukia wapi. Bunduki inayokuruhusu kurudisha alama za kulengea mahali pake upesi baada ya teke, hiyo ndiyo ya kuchagua, hata kama rangi yake imebabuka na jirani yake inang'aa.

Mazoezi mengi kati ya haya hayahitaji hata risasi moja. Tarehe 30 Agosti 2022, kundi la kwanza la Vikosi vya Pamoja lilipohitimu hapa Juba, baadhi ya vijana wale walikuwa wamefanya mafunzo yao kwa bunduki za mbao. Wapo waliocheka. Sisi hatukuona la kucheka. Kusimama, kuegemea mbele, kuliweka bega, kubadilisha magazini bila kutazama, kuweka silaha chini salama kabla ya kushika nyingine: yote hayo mwili hujifunza kabla ya baruti kuwaka.

RISASI HUISHIA WAPI?

Tumefika kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tuandike. Katika mashindano zimewekwa mbao zinazowakilisha watu wasio na hatia: mama sokoni, mtoto mlangoni. Anayepiga ubao huo hukatwa alama 10. Anayeikosa shabaha yake kabisa naye hukatwa 10. Mwenye G3 wa mfano wetu, aliyeshinda kwa 4.72, lau risasi yake moja ingegusa pia ubao wa mama sokoni, hesabu yake ingeshuka hadi 4.27, na ushindi wote ungepotea.

Katika mchezo hasara huishia hapo. Lakini risasi ya milimita 51, isipozuiwa, huweza kwenda zaidi ya kilometa tatu. Tuupige picha mji wetu: kilometa tatu kutoka Konyo Konyo ni nyumba ngapi, shule ngapi, akina mama wangapi wanaouza chai? Ukuta wa udongo hauizuii, mabati hayaizuii. Na katika Juba hii tumesikia mara nyingi bunduki zikilia hewani usiku wa Mwaka Mpya na katika sherehe, kana kwamba mbingu ni tuta la udongo. Risasi iliyopanda hushuka, na ishukapo haiulizi nani alikuwa akisherehekea.

Ndiyo maana uwanja wa shabaha lazima uwe na tuta la kutosha nyuma yake, na kila mshindani aelezwe mipaka ya kuelekeza mtutu. Anayeuvuka mpaka huo huondolewa mashindanoni papo hapo, hata akiwa na cheo gani. Tungependa kuona desturi hiyo ikihama kutoka uwanjani na kuingia mtaani, kizuizini barabarani na katika doria ya usiku.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukiitwa kuchagua, usiangalie ukubwa wa mlio wala sifa ya jina. Magazini yako ni ya risasi ishirini. Chagua bunduki ambayo, baada ya mlio wa mwisho, utaweza kusimama mbele ya mwamuzi ukamwonyesha tundu la kila moja kati ya hizo ishirini, bila kukosa hata moja. Ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa AK tu, basi chukua AK na uingie daraja la nguvu ndogo kichwa juu. Na ikiwa unaweza kwa G3, karibu katika daraja la wazito. Wananchi waliotukabidhi silaha hizi hawatatuuliza kaliba. Watatuuliza risasi zilikwenda wapi.